Tulivyobadilisha logo ya taasisi yetu ya usonji: tulipokosea na kilichotugharimu

Nimechelewa kuandika hii manake nilikuwa nimechoka kweli. Kazi tuliyosema itachukua miezi mitatu ilienda mwaka mmoja na miezi miwili, na kuna wakati nilitamani kuandika barua ya kujiuzulu niwaachie wenzangu. Ila wiki iliyopita mama mmoja anayeendesha taasisi ndogo ya watoto wenye usonji (autism kwa Kiingereza) kama yetu alinipigia akaniuliza "dada, nyie mlianzaje kubadilisha logo?" tukaongea saa nzima na nusu, na nilipokata simu nikagundua kila nilichomwambia aanze nacho ndo kile ambacho sisi tulikifanya mwisho. Nikaona bora niandike.

Mi ni mzazi kwanza kabla ya yote. Mwanangu ana miaka 11, ana usonji, haongei kwa mdomo, anatumia kadi za picha na tableti yenye sauti. Nilikuja kwenye taasisi kutafuta msaada, baadae nikawa najitolea, alafu nikawa katibu, na kwa sababu niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya uchapaji bodi ikasema hii kazi ya logo ni yangu.

Logo yetu ya zamani ilikuwa kipande cha pazo cha bluu, vile vipande vya kupachikana mpaka picha itimie, na ndani yake kiganja cha mtoto. Chini jina la taasisi, maneno saba, alafu kauli mbiu: "Pamoja tutalitatua fumbo". Waanzilishi walikuwa wazazi watano, hawakuwa na hela ya dizaina, walichukua alama waliyoikuta kila mahali. Siwalaumu hata kidogo. Kipande hicho kina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Kilianza Uingereza mwaka 1963, kwenye chama cha wazazi ambacho leo kinaitwa National Autistic Society, na aliyekichora alikuwa mzazi tu wa kwenye kamati, Gerald Gasson, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa na mtoto analia katikati. Mtoto analia. Mwaka 1999 Autism Society ya Marekani ikaja na utepe wa vipande vya rangi nyingi, 2005 likaanzishwa shirika lingine la huko, Autism Speaks, likiwa na kipande chake cha bluu, na kuanzia 2010 ikaja ile kampeni ya kuwasha majengo taa za bluu kila tarehe 2 Aprili, ambayo ni siku ya usonji duniani iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2007. Kwa hiyo mzazi anayetoka kwa daktari na majibu mkononi akitafuta neno usonji kwenye simu, kinachomjia ni hicho kipande. Mimi mwenyewe kilinijia hivyo. Nilikivaa miaka sita.

Kilichoanzisha yote ni kijana mmoja tuliyemwalika aongee na wazazi. Ana usonji, ana miaka ishirini na kitu, anafanya kazi ya kutengeneza kompyuta. Nilimpa tisheti yetu avae kabla hajapanda mbele, akaishika akaiangalia muda mrefu alafu akanirudishia, akasema hawezi. Nikadhani ni kitambaa, manake wengi wetu tunajua habari ya lebo za shingoni na vitambaa vinavyokwaruza, nikamwambia ninayo ya pamba laini. Akasema, "Hapana mama, kitambaa hakina shida. Hii tisheti inasema kuna kitu kwangu hakijapatikana. Nani anakitafuta?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, kumbe hayo mazungumzo yapo miaka mingi na sisi tulikuwa hatuyasikii tu. Kuna jarida la kitaalamu linaitwa Autism, lenyewe liliondoa kipande cha pazo kwenye jalada lake mwaka 2018, baada ya utafiti wa watu 400 wa kawaida kuonyesha kwamba wakiona vipande vya pazo wanavihusisha zaidi na mambo ya upungufu, kutokukamilika, kasoro. Hawa hawakuwa wanaharakati, walikuwa watu tu. Na Autism Society ya Marekani yenyewe ilishaachana na ule utepe wake mwaka 2021. Nikapeleka hayo kwenye bodi na bodi ikakubali tubadilishe, kwa kura, bila ugomvi. Nikafurahi nikaona kazi imeisha nusu.

Hapo ndo kosa la kwanza na kubwa kuliko yote likatokea. Tulikubaliana kubadilisha kwa sababu ya maneno ya mtu mwenye usonji, alafu tukaenda kufanya kazi yenyewe bila watu wenye usonji. Yaani sijui hata ilikuwaje, hakuna aliyekaa akapanga kuwaacha, ila ndo ilivyokuwa. Tukaandaa dodoso tukalituma kwa wafadhili, wazazi, walimu na wafanyakazi. Yalirudi majibu sitini na kitu. Nilipokuja kuhesabu baadae sana, majibu ya watu wenye usonji wenyewe yalikuwa manne, na hao wanne walilipata kwa sababu mama zao waliwaonyesha. Dodoso lenyewe lilikuwa kurasa tano za maneno, maswali ya "unajisikiaje ukiiona nembo hii", wakati nusu ya watu tunaowahudumia wanajibu kwa kuonyesha picha.

Kwa majibu hayo tukaandika maelekezo kwa dizaina. Alikuwa mtu mzuri, mchapakazi, kosa halikuwa lake. Tulimwambia tunataka kitu cha matumaini, cha kisasa, chenye rangi. Akatuletea ile infiniti ya rangi za upinde wa mvua, ile nane iliyolala. Tukaipenda palepale. Nilikuwa nishasoma kwamba ilianza kutumika kwenye siku ya Autistic Pride, siku ya watu wenye usonji kujivunia walivyo, tarehe 18 Juni, iliyoanzishwa 2005 na kundi la watu wenye usonji wenyewe, Aspies for Freedom, na kwamba kuna ya rangi ya dhahabu pia, dhahabu kwa sababu alama yake kwenye kemia ni Au na neno autism linaanza na herufi hizohizo. Nikaona hii ndo yenyewe, ni alama waliyoichagua wao. Tukalipa awamu ya pili ya malipo, tukachapa vipeperushi vya majaribio mia mbili.

Alafu ndo tukawaita. Watu wazima saba wenye usonji, kikao kimoja, tukitegemea wapige makofi. Niseme tu ukweli, tulikuwa tumewaita waidhinishe.

Yule kijana wa tisheti ndo alianza. Akauliza kwenye bodi yenu kuna watu wangapi wenye usonji? Mwenyekiti akasema kwa sasa hakuna, ila wote ni wazazi. Akauliza wafanyakazi? Hakuna. Basi akasema hii alama ni ya watu wanaojisemea wenyewe, nyie mkiivaa mtu mwenye usonji akija hapa ataamini kwamba atakutana na wenzake wanaoendesha, na atakuta wazazi wanaomzungumzia. Mtakuwa mmemdanganya kwa logo. Dada mmoja mwingine aliandika kwenye simu yake akampa jirani asome: kipande cha pazo angalau kilikuwa kinasema ukweli kuhusu nyie.

Yale maneno yaliuma. Watu walinyamaza. Ila nikifikiria sasa naona ndo maneno yaliyotusaidia kuliko fedha yoyote tuliyopewa mwaka ule, manake tulikuwa tunabadilisha nguo juu ya mwili uleule.

Kazi ya logo ikasimama miezi minne. Tukarudi kwenye katiba ya taasisi tukabadilisha kifungu cha bodi, viti viwili viwe vya watu wenye usonji na siyo vya waangalizi, vina kura. Hiyo peke yake ilikuwa na mikutano mitatu na moja niliondoka nalia. Kuna mama mmoja, mmoja wa waanzilishi, mwanae ni mtu mzima sasa na anahitaji msaada wa saa 24, hawezi kukaa kwenye kikao wala kuandika kwenye simu. Akasimama akasema mnabadilisha kila kitu kwa ajili ya wanaoweza kuongea, wangu nani atamsemea? Na hicho kipande cha bluu ndo kilinipokea siku ambayo ndugu zangu wote walinikimbia, leo mnaniambia kilikuwa tusi? Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka na nashukuru hakuna aliyejaribu kulitoa. Nilimfuata nyumbani kwake mara mbili. Ukiwa unaendesha zoezi kama hili jua kwamba kuna watu kwao logo ni kama picha ya marehemu, huwezi kuitoa ukutani kwa barua pepe. Kaa nao. Mwisho ye mwenyewe alikubali kuingia kwenye kamati kwa sharti kwamba chochote tutakachochagua lazima wale wasioongea nao waonyeshwe, na tutafute namna ya kuwauliza. Lile sharti lilikuwa sahihi kabisa.

Namna tuliyoipata ilikuwa rahisi. Tulichapa michoro mitano kwenye karatasi ngumu za ukubwa mmoja tukazibandika kwenye meza, kwenye mlango, kwenye sanduku la vifaa vya kuchezea, tukaacha wiki mbili. Walimu wakawa wanaandika nani anaenda wapi, nani anang'oa, nani anageuza uso, nani anaziba masikio. Hatuwezi kudai tunajua kila kilichokuwa kichwani mwa mtu, ila mchoro mmoja wa mistari myembamba nyekundu na nyeupe uliong'olewa mara kadhaa, na watoto watatu tofauti waliugeuza ukutani. Tuliutoa.

Na hapo tukajifunza habari ya macho. Zile rangi saba kali za infiniti zilizokaa pamoja, dada mmoja kwenye kamati alisema "hii inapiga kelele", na alimaanisha hivyohivyo. Rangi nyekundu ikikaa kando ya kijani au bluu zenye mng'ao sawa mpaka wake unaonekana kama unatetemeka. Mistari myembamba iliyobanana nayo hivyohivyo. Maandishi meusi tii juu ya nyeupe pe kwa wengine yanaumiza, tukahamia kwenye rangi ya samawati iliyokolea sana juu ya nyeupe iliyofifia kidogo. Ila usiende upande wa pili ukapooza kila kitu mpaka kisisomeke, kuna vipimo vya kimataifa vya tovuti vinavyosema maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 na mandhari yake, na makubwa 3 kwa 1, kuna programu za bure za kupima unaweka tu namba za rangi. Na usitegemee rangi peke yake kubeba maana, karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, hii ni kwenye takwimu za watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini lakini wapo kila mahali.

Dizaina alikuwa pia ametutengenezea logo inayozunguka na kumeta mwanzoni mwa video, na mlio. Tuliifuta yote. Kitu kinachometa zaidi ya mara tatu kwa sekunde kinaweza kumletea mtu degedege, na kifafa kinawapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Hilo nilitakiwa kulijua mwenyewe, nina watoto wa wenzangu wenye kifafa pale kituoni kila siku, na bado niliiangalia ile video nikasema nzuri.

Rangi ya bluu yenyewe ilijadiliwa sana. Waliokuja kugundulika wakiwa wakubwa, hasa wanawake, walisema bluu inawakumbusha ile kampeni ya taa lakini pia ile dhana kwamba usonji ni wa watoto wa kiume, dhana ambayo kwao ilimaanisha miaka ishirini ya kuitwa wakaidi au wenye aibu. Tukabaki na samawati iliyokolea kwa maandishi tu, alama yenyewe ikawa ya njano ya udongo.

Sasa alama yenyewe. Ilitoka pale ambapo hakuna aliyekuwa anaitafuta. Tulikuwa tunajadili kauli mbiu, manake ile ya kutatua fumbo ilikuwa lazima iondoke, na mwenyekiti akamuuliza yule dada anayeandika kwenye simu anaonaje, akaanza kuandika, sekunde zikapita, mwenyekiti akarukia swali lingine. Yule dada akanyanyua simu juu, ameandika: "nipe muda". Kikao kizima kikakaa kimya tukamsubiri, akamaliza, na alichoandika kilikuwa kizuri kuliko mapendekezo yote. Lakini wote tulikuwa tumeshashikwa na yale maneno mawili. Ndo kauli mbiu yetu leo, "Nipe muda". Na alama ni kile kiputo cha meseji chenye nukta tatu, kile kinachotokea mtu akiwa bado anaandika. Mtu yupo, anajibu, subiri. Mwanangu kila akigusa tableti yake inamchukua muda kupata picha anayoitaka na watu wanaondoka kabla hajamaliza, kwa hiyo mi niliposikia ile hoja sikuweza hata kujifanya naijadili kwa utulivu.

Maneno nayo tuliyapitia yote, barua, tovuti, fomu. Tulikuwa tunaandika "wahanga wa usonji", "wanaougua usonji", sehemu moja "waathirika". Yote yametoka, usonji siyo ugonjwa wa kuugua na hakuna aliyehangaishwa nao kama anavyohangaishwa na watu. Nilijua kwamba kwa Kiingereza kuna mjadala mkali wa jina, kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 uliouliza watu 3,470 na ukakuta watu wazima wenye usonji wengi wanapenda waitwe kwa utambulisho wenyewe, "autistic", wakati wataalamu wengi wanapenda kusema mtu aliye na usonji, "person with autism". Nikaja na wasiwasi kwamba "mwenye usonji" itakataliwa. Yule kijana wa kompyuta akasema mbona kwa Kiswahili ipo sawa tu, mwenye nyumba ni mwenye nyumba, ni yake. Mwenye usonji, usonji wangu. Hatukuijadili tena. Ila kwa mtu mmojammoja tunamuuliza anataka aitweje.

Upande wa hela sasa. Bajeti tuliyoomba ilikuwa ya dizaini tu, na hilo ndo kosa wanalofanya taasisi nyingi ndogo. Dizaini ilikuja kuwa chini ya theluthi ya gharama yote. Zilizobaki zilikwenda kwenye vibao, uchapaji, mwanasheria, na kurekebisha makosa. Na kwenye dizaini yenyewe tulilipa mara mbili, manake mkataba wa kwanza haukusema masahihisho ni mangapi wala tukikataa kazi inakuwaje, kwa hiyo ile infiniti tumeilipia na haitumiki popote. Mkataba wa pili tuliandika raundi tatu za masahihisho, malipo ya mwisho baada ya kukabidhiwa mafaili yote, na kipengele kwamba hakimiliki inahamia kwetu kwa maandishi. Usidhani ukishalipa ni yako, sehemu nyingi aliyechora anabaki na haki mpaka asaini. Alafu dai faili la vekta, SVG au PDF au EPS, lile ambalo ukilikuza mpaka ukubwa wa ukuta halivunjikivunjiki. Logo ya zamani tulikuwa nayo kama picha ndogo tu kwenye email ya mtu, miaka yote ile kila bango letu lilikuwa na ukungu na tulidhani ni mashine za wachapaji. Uliza pia leseni ya fonti, aliyoitumia dizaina wetu kwenye kompyuta yake haikuturuhusu kuiweka kwenye tovuti bila kulipa tena, tukahamia kwenye fonti ya bure iliyo wazi ambayo herufi zake hazifanani, l ndogo na I kubwa zinatofautiana.

Vile vile rangi za skrini siyo rangi za wino. Njano yetu kwenye simu ilikuwa nzuri, kwenye karatasi ikatoka kama tope. Omba chapa moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu. Na kabla hujaipenda logo ifanye ndogo kama ukucha, itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, itie kwenye muhuri, ishone kwenye fulana. Yetu ya kwanza kwenye muhuri iligeuka doa.

Kusajili alama ya biashara tulichelewa kidogo tukapona. Mwanasheria alitwambia kiputo chenye nukta tatu peke yake hatutapewa, ni kitu cha kawaida mno kila mtu anakitumia, ila kikiwa pamoja na jina la taasisi kinasajilika. Kuna madaraja 45 ya bidhaa na huduma kimataifa na kila daraja unalipia, tukachagua elimu, uchangishaji, na huduma za afya, tukaacha mengine.

Tarehe ya kuzindua tulitaka iwe 2 Aprili. Wale wajumbe wawili wapya wakasema hapana, siku hiyo kila mtu anapiga kelele, tukazindua wiki ya kawaida bila sherehe, bila muziki. Nafikiri walikuwa sahihi japo wafadhili wawili hawakufurahi.

Vitu tulivyosahau ni vingi. Muhuri wa benki. Saini za email. Na kikubwa zaidi, kadi za dharura ambazo watoto wetu wanatembea nazo zenye namba za simu za wazazi. Walinzi na madereva wa maeneo yetu walikuwa wameshazoea kwamba mtoto mwenye kadi ya kipande cha bluu ukimkuta peke yake unapiga namba ile. Tulibadilisha kadi bila kuwaambia. Kuna jioni mtoto wa miaka tisa alitembea dakika arobaini na mlinzi aliyemkuta hakuitambua kadi. Alipatikana salama. Ila kama una kadi za namna hiyo, zunguka uwaone hao watu kwanza, kwa miguu, na kadi zote mbili mkononi.

Tisheti za zamani tusingezitupa hata hivyo, manake kuna mvulana mmoja havai nguo nyingine ya juu isipokuwa ile. Tumemwekea boksi zima, kuanzia saizi yake ya sasa mpaka ya mtu mzima.

Na mwisho ni kibao cha getini. Fundi alikuja Jumamosi akashusha cha zamani akaweka kipya, Jumatatu nikamleta mwanangu kama kawaida. Alifika getini akasimama. Akaangalia juu, akarudi nyuma, akakaa chini barabarani akaanza kujipiga kichwani. Mwaka na zaidi nimekaa kwenye vikao vya ile logo, nimepima rangi, nimesoma tafiti, na sikukumbuka kwamba mwanangu hasomi jina, anajua amefika kwa kuona kile kipande cha bluu. Watoto sita walikataa kuingia wiki ile. Ye alikaa siku nne bila kuingia.

Tukarudisha kibao cha zamani kikakaa chini ya kipya. Walimu wakatengeneza hadithi ya picha ya kurasa nane, hiki ndo kibao cha zamani, hiki ndo kipya, mlango ni uleule, mwalimu ni yuleyule, kiti changu ni kilekile, tukaituma kwa kila nyumba, kazi ambayo ilitakiwa kufanyika mwezi mzima kabla. Kila wiki fundi alikisogeza cha zamani kidogo, kutoka getini mpaka ukutani ndani, kutoka ukutani mpaka kwenye korido. Wiki ya tisa kikafika chumba cha mapumziko, na hapo tukakiacha. Mwanangu akifika asubuhi anapita getini bila kuangalia juu, anaenda moja kwa moja kule ndani, anaweka kiganja chake kwenye kile kiganja kilichochorwa, anakaa hapo kama dakika mbili hivi, alafu anaenda darasani. Hakuna anayemharakisha.